Harufu ya Mashine ya Joto

Mjukuu wangu Kabula,

Shikamoo yako imefika hapa Kambarage, marahaba sana. Sote hatujambo, na mvua imetukumbuka.

Unauliza kama enzi zetu tuliogopa dawa za kusafishia mashine za joto za watoto njiti, kama mnavyofundishwa huko chuo cha uuguzi. Hatukuogopa. Miaka ile ya sabini, baba yako alipozaliwa kabla ya miezi kutimia, mashine yake ilikuwa imetoka kufutwa kwa dawa, inanuka mpaka mlangoni. Nikafurahi! Kwetu harufu kali ndiyo ilikuwa usafi.

Nesi akaingiza uso wake mle ndani kwanza. Akautoa macho yakimtiririka machozi.

“Mama, subiri kidogo. Mimi mtu mzima nalia, huyu je?”

Akaiacha wazi ipigwe na upepo. Akamfunga mtoto kifuani kwangu kwa khanga, akakaa nasi mpaka harufu ikaisha. Kiswahili kilinipotea, nikamshukuru kwa Kisukuma: “Wabeja, wabeja.”

Nawe ukiwa zamu, tia uso wako kwanza.

Naandika huku baba yako anakoroma sebuleni, dirisha linatetemeka. Kila mkoromo, namkumbuka yule nesi.

Bibi yako