Vijiti vya Kaburi la Baba Masalu

Mirongo, Mwanza
9 Novemba 2025

Mpendwa Nathaniel,

Shikamoo yako uliyoituma kwa simu niliipata. Marahaba. Natumaini wewe, mkeo na watoto hamjambo huko Uswidi, na kwamba baridi haijawabana sana. Mimi ni mzima, isipokuwa goti la kushoto linalolalamika nikipanda ngazi za ofisi. Mvua za vuli zimechelewa. Dagaa wapo.

Nakuandikia kwa karatasi makusudi. Ujumbe wa simu huwa unaujibu kwa kidole gumba, na jambo hili sitaki lijibiwe kwa kidole gumba.

Mama yako ametoka hospitali. Nilimchukua mwenyewe, tukavuka daraja kwenda nyumbani Busisi. Njiani alikuwa mchangamfu. Alisema enzi za kivuko angekuwa bado yuko Kigongo anatafuna hindi la kuchoma. Tangu tulipofika nyumbani sijamwona akicheka tena.

Nyuma ya nyumba, palipokuwa na mibono, pamelimwa kwa trekta. Unajua pale ni mahali gani, lakini naandika ili isije ikasemwa hukuambiwa. Pale ndipo tunapozika. Misalaba ya mbao huliwa na mchwa, kwa hiyo katika ukoo wetu mtoto wa kwanza huchomeka kijiti cha mbono kichwani pa kaburi, kijiti kikawa mti, na mti ndiyo alama. Kwa baba yako, kijiti ulichomeka wewe. Mimi, binti wa baba yako mdogo, nilikuwepo nikishuhudia.

Nilimtafuta Revocatus, wakala wa kampuni yako ya mafuta ya mbono, nikamuuliza nani alimpa ruhusa.

“Nathaniel mwenyewe, dada. Kaniambia nyuma ya nyumba ipo mibono iliyokomaa, nikate vijiti vya kutosha kupanda shambani, halafu ning'oe visiki tupate kitalu.”

Niliuliza mara mbili, kwa namna mbili. Jibu halikubadilika. Yeye ni mtu wa Bukoba, kwao wafu hulala katikati ya migomba. Angejuaje? Wewe ulijua. Sitakuuliza kama ulisahau, maana jibu lolote utakalotoa ni baya.

Usidhani nachukia mafuta ya mimea kwa hasira za familia. Nimeyaandika gazetini kwa miaka mingi. Nimeona mashine ya kusaga ikiendeshwa kwa mafuta ya mbono kijiji ambacho dizeli ilikuwa haifiki, na wanawake wakasaga unga bila kutembea nusu siku. Nimeona jiko la spiriti ya molasesi likipika bila moshi na bila gunia la mkaa. Hayo ni kweli na niliyaandika hivyo. Lakini mbono ule ulikuwa wa uani, unaozunguka boma na kuzuia ng'ombe. Haukuchukua shamba la mtu.

Wako umechukua ekari ya mihogo ya mama yako. Kipeperushi chenu kinasema mti huu hustahimili ukame. Hustahimili, ndiyo, haufi. Ila bila maji na udongo mzuri hauzai mbegu za kukamua. Ndiyo maana Revocatus anamwagilia kwa pampu kutoka ziwani, na pampu hiyo inakunywa dizeli ya kawaida. Tena mbegu zake ni sumu. Mihogo ikikosa soko, mtu hula. Mbono ukikosa soko atakula nini? Nimekwisha kuona kampuni za namna hii zikifunga ofisi na kuondoka, na wanavijiji wakibaki na miti.

Baba mkubwa Ngosha alikuja kuonyesha kaburi. Alisimama kwenye matuta akasema, “Shemeji, Masalu yuko hapa.”

“Hapo ni pa mama mkwe!” mama yako akamjibu. “Siku ile ulikuwa umelewa, Ngosha, ulijua nini wewe?”

“Nililewa baada ya kuzika.”

“Ulilewa kabla. Jembe ulilishika upande wa bati!”

Watu walicheka, mama yako hakucheka. Akanigeukia: “Mwambie mwanangu, baba yake amelimwa vizuri. Sasa amkamue mafuta, awashie gari.”

Daktari amenieleza wazi kwamba moyo wa mama yako hautamchukua mbali, naye anajua. Ombi lake ni moja, alazwe ubavuni pa mumewe. Hakuna mtu Busisi anayeweza kumwonyesha ubavu huo.

Vile vijiti vimechipua, Nathaniel. Ekari nzima imesimama kama makaburi. Nilitaka ving'olewe, mihogo irudi. Mama amekataa, maana kimojawapo kimetoka kichwani pa Masalu na hajui ni kipi. Amekataza pia mbegu zake zisikamuliwe kamwe. Revocatus nimemwambia aondoe pampu, na ameiondoa. Asubuhi mama hutembea kati ya mistari ile na fimbo yake, anagusa kimoja, anakwenda kingine.

Usitume mwakilishi, wala usitume pole. Njoo usimame naye pale ulipopiga magoti, umwonyeshe. Kama nawe hukumbuki, njoo umwambie mwenyewe akiwa bado anasikia.

Ngosha anakusalimu, kwa ukali. Getruda, mama yako, hakutuma salamu. Nimengoja simu yake hadi namaliza ukurasa huu. Wasalimie mkeo na watoto, hao hawana kosa. Mungu akulinde safarini, ukisafiri.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda bado, ila si leo,

Modesta