Basi Lipi?

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na goti limeacha kukusumbua ukipanda ngazi za tangi. Shemeji naye hajambo? Mwambie redio yake bado iko kwangu, haijapona, na fundi ni mimi, kwa hiyo asiwe na matumaini makubwa. Mwili wangu haujambo. Kichwa ndicho kimevurugika, na nimeona nikuandikie maana kwenye simu ungenikatiza.

Unajua waliniingiza kwenye kamati inayoamua mambo ya lugha yetu ya kompyuta, ile niliyokufundisha mezani kwako, ukaipenda kwa sababu amri zake ni maneno ya nyumbani. Ukaitumia kuandika programu ya pampu za hospitali, na mpaka leo wodi ya wazazi inapata maji kwa kazi yako. Najivunia hilo mbele za watu hata wakinichoka.

Sasa kizaazaa ni neno "basi". Katika lugha hii lina kazi mbili. Linaunganisha sharti na kitendo: kama hiki, basi kile. Halafu, likisimama peke yake, linaiambia mashine iache. Ndiyo maana programu yako ina ule mstari uliotuchekesha mpaka machozi: "kama tangi limejaa, basi basi." Sisi tulicheka, lakini kuna mkaushaji nafaka mmoja aliandika "kama imekauka, basi" akadhani inatosha. Mashine ikalichukua kama lile la kwanza, ikakaa inangoja kuambiwa ifanye nini, huku moto unawaka. Nafaka iliungua yote, naye akaungua mikono akijaribu kuuzima.

Basi (ona, nimelitumia tena!), tukaitwa kikao. Chumba kidogo, feni inapiga kelele, ubao una maandishi ya zamani yasiyofutika kwa sababu mtu alitumia kalamu isiyo ya ubao. Mwasisi wa lugha, tunayemwita Babu ingawa hana hata mjukuu, alisema neno litoke. Alisema alilichagua siku moja amechoka, wala hakufikiri mara mbili. Mwalimu wa chuo, binti mwenye ulimi mkali, akamjibu kwamba lugha si yake tena, watu wana programu zao kila mahali, na neno likitolewa zitagoma zote. Nilimkubali Babu, nikamkubali na Mwalimu. Tukaenda kunywa chai. Tuliporudi, sikia maajabu: kila mmoja alikuwa amemshawishi mwenzake! Babu sasa anataka libaki, Mwalimu anataka litoke, na wote wamenuna vilevile kama mwanzo. Mimi nikaduwaa, sijui hata ni nani niliyekuwa nampinga.

Kura zikalingana, ikabaki yangu. Mwenyekiti, mama mmoja asiyependa porojo, akaniuliza nasemaje. Babu ananivuta mkono huku, Mwalimu ananipigia kelele kule, nikaziba masikio nikasema, "Basi!" Mwenyekiti akagonga meza, akasema imepita. Wakapongezana pande zote mbili, wallahi. Babu alielewa nimesema basi, na libaki. Mwalimu alielewa nimesema basi, limekoma. Katibu akanifuata kwenye korido, akaniuliza kwa upole aandike nini. Nilimwomba anipe mpaka kesho.

Dada, sijamwambia mtu mwingine: sikumaanisha lolote kati ya hayo. Nilitaka wanyamaze tu. Nimerudi chumbani nikazunguka kama kuku asiyejua pa kutagia, na kila nilipotaka kuamua libaki, niliziona pampu zako, na kila nilipotaka kuamua litoke, niliziona pampu zako vilevile.

Mwishowe nikakumbuka siku tuliyomzika mama. Ulinikumbatia ukaniambia, "Basi, mdogo wangu, basi." Hukuwa unaniunganishia sentensi, wala hukuwa unaniamuru niache, maana niliendelea kulia na hukukasirika. Nilikuelewa kwa sababu nilikuwa naisikia sauti yako. Mashine haina sikio hilo. Yule mkaushaji hakukosea Kiswahili hata kidogo, na ndicho kinachoniuma.

Kwa hiyo kesho nitamwambia katibu aandike kwamba neno litoke. Nimetaka ulisikie kwangu kwanza. Toleo jipya litakapofika huko, na mashine zenu hulipokea zenyewe mtake msitake, pampu zitagoma kwa sababu ya ule mstari wako, na atakayekuwa amezizima ni mimi niliyekufundisha kuuandika. Kama nimeamua sawa, bado sijui. Ila nitakuja kabla ya toleo hilo, tukae mezani kwako tuandike upya mpaka maji yapande, na kama hutaki kukaa nami meza moja nitaandika nimekaa sakafuni. Nitakuja na basi la asubuhi, na hilo nalo usinicheke.

Nisalimie shemeji na wauguzi wa wodi, lakini wauguzi usiwaambie kitu kwa sasa. Ukiwa umenikasirikia, usihangaike kujibu barua. Ngoja nifike mlangoni, uniambie "basi", nami nitasikia ni lipi.

Ni mimi mdogo wako,
Bwana Maswali