Kadi Ilisema Mguu

Dada Subilaga,

Mmeamkaje huko Mwanjelwa? Huku Iringa baridi ni kama ya kwetu, ila leo nimetokwa na jasho. Kwenye mafunzo yetu ya uokoaji tulifanya zoezi la jengo lililoporomoka. Wakazi wa Kihesa walijitolea kuwa majeruhi, kila mmoja na kadi shingoni inayosema ameumia wapi. Mimi nilipewa Mzee Karim, Mhindi mwenye duka. Kadi yake ilisema mguu umevunjika, lakini yeye alishika kifua.

"Mzee, wewe ni mguu," nikamwambia huku namfunga banzi.

"Achana na kadi, mwanangu. Kifua kinanibana."

Nikadhani anaigiza. Mara midomo ikaanza kubadilika rangi. Nikamwita mkufunzi, naye akapiga makofi: "Safi! Endelea hivyo hivyo!" Dada, nilichanganyikiwa mpaka Kiswahili kikanikimbia. Nikapiga yowe kwa Kinyakyusa, ndipo wote wakaacha kuigiza.

Tulimkimbiza hospitali na banzi lake mguuni. Kumbe ni moyo. Daktari anasema tumewahi, atapona.

Wenzangu wananipongeza, mkewe amenikumbatia akilia, nami sijui nipokee vipi, maana nilibishana na mtu anayeumwa. Mpaka sasa sielewi kama nilimwokoa au nilimchelewesha.

Nawakumbuka sana. Nibusie watoto. Na mama akisema anaumwa, mwaminini mara ya kwanza.

Mdogo wako,
Atupele