Firigisi ya Sauda

Koboko, Jumapili, 1991

Mvua ya asubuhi imekatika, jua limetoka, na mimi bado nimenuna. Afadhali niliandike jambo lenyewe kwa jina lake. Namwonea wivu Mama Poni.

Mama Poni ni jirani yetu, mkimbizi kutoka Sudani, anayelala na watoto wake chini ya turubai. Hana shamba, hana kitanda. Mimi nina nyumba ya mabati, na biashara ya sabuni na khanga ninayoifuata Arua. Lakini binti yangu Sauda, mwenye miaka minane, akitoka shule anaupita mlango wangu na kwenda kukaa kwenye mkeka wa yule mwanamke.

Ana nini ambacho mimi sina?

Juzi nilijifanya nakwenda kuomba moto ili nione. Alikuwa amepika maharage, hayakufika hata nusu ya sufuria. Akawapakulia watoto kwanza, na Sauda wangu akiwemo, kisha akakaa kumsikiliza akisimulia jinsi mwalimu wao alivyoanguka na baiskeli. Yeye mwenyewe hakuwa na sahani. Nikamtania kwamba anawadekeza. Akacheka.

"Mutoto nakula kwanza. Mutu mukubwa naweza ngoja."

Maneno yale yameniuma hadi leo. Kwangu, kama ilivyokuwa kwa mama yangu, sahani ya kwanza ni ya baba, kisha wageni, na watoto wanakomba sufuria. Wala Sauda hajawahi kunisimulia habari za mwalimu. Angenisimulia saa ngapi? Nikiwa nyumbani nafunga mizigo, na nisipofunga mizigo nimesafiri.

Jana alijikata kidole. Nilikuwa hapa hapa uani, lakini alikimbilia kule kwenda kulia. Niliingia ndani nikalia na mimi, kwa hasira.

Basi leo nikasema nitamwonyesha huyo mwanamke. Nimemwomba mume wangu achinje jogoo, bila mgeni wala sikukuu. Nilipopika nikapakua sahani ya Sauda kwanza, nikaweka paja, na juu yake firigisi. Kwetu firigisi ni ya mwenye nyumba, haina mjadala. Mume wangu, ambaye alikuwa askari na bado anakaa kama askari, aliitazama sahani yake, akaitazama tena.

"Firigisi yangu iko wapi?"

Nikamwambia leo ni ya mtoto. Akaanza kutafuna kwa nguvu. Nami nikasogea karibu na Sauda nikingoja afurahi. Nakiri, nilikuwa nimeacha mlango wazi makusudi, harufu ifike kwenye turubai.

Sauda hakugusa kitu. Aliitazama ile nyama, akanitazama mimi, macho yakaanza kulengwalengwa na machozi.

"Mama," akasema, "unanipeleka wapi?"

Mwanzoni sikuelewa. Kisha nikakumbuka. Mara ya mwisho kumpa paja la kuku ilikuwa asubuhi ile nilipompeleka Lobule kwa bibi yake, ili mimi nipate nafasi ya kusafiri. Nilimwambia tunakwenda kusalimia tu. Alikaa huko mwaka mzima.

Kwa mtoto wangu, mapenzi yangu ni chakula cha safari.

Nimemwambia haendi popote. Hakuniamini. Alikula polepole, na alipomaliza aliingia chumbani kuangalia kama mfuko wake wa nguo bado unaning'inia kwenye msumari. Nilimwona, naye hakujua kwamba namwona.

Wivu haujaisha, nisijidanganye. Hata sasa namsikia Mama Poni akicheka na watoto, na moyo wangu unachemka. Lakini yeye hakuniibia mtoto. Mimi ndiye niliyemwacha njiani, naye akamkaribisha.

Kesho lori la Arua litaondoka bila mimi. Saa ya kutoka shule nitakuwa nimetandika mkeka wangu nje, bila mzigo wa kufunga wala sabuni ya kupanga. Sijui kama ataupita mlango au ataingia. Akiupita, keshokutwa nitatandika tena.