Mtaro wa Siku ya Maziko

Jumatatu, 19 Agosti 2013

Vumbi hadi kwenye meno. Mtaro wa maji umebaki kipande kidogo tu, kutoka kanisani hadi shuleni. Mhandisi anakuja Ijumaa kutoka Kasulu. Kwenye simu hakumung'unya maneno — akikuta haujaisha, mabomba yanapelekwa Kitanga. Kitanga! Yapite barabarani nikiyaona? Mimi mtendaji wa kijiji, nimewapigia kelele watu hawa tangu masika. Ng'o.

Leo mama mmoja kaniambia ninyi Wakurya mnazaliwa na fimbo mkononi. Nimecheka. Si uongo sana.

Jumatano, 21 Agosti 2013

Bibi Immakulata amefariki, mama yake Bazilio. Nimekwenda kutoa pole, nikakaa jamvini na akina mama.

Wakati wa kutoka, mwenyekiti wangu Theonest kanifuata. Kesho hakuna msaragambo, hakuna kazi ya pamoja mtaroni. Nikamwambia wachache wachimbe kaburi, wengine waje mtaroni, shida iko wapi? "Mama Mtendaji, huku kwetu isuka, jembe hili, haigusi shamba wala mtaro mpaka marehemu alale. Ukifungua shimo la pili siku ya maziko, umemwita wa pili."

Visingizio! Juzi ilikuwa gulio, kabla yake ubatizo. Kila siku lao jambo. Nimechoka nao, nimechoka kabisa!

Nimemwita Tharsisi, kiongozi wa mgambo. Kesho alete wanaume wote. Hata walio msibani? Hata walio msibani. Wakikataa? Nikamuuliza, wewe ni mgambo au mwanakwaya?

Alhamisi, 22 Agosti 2013

Niko ofisini, mlango nimeukaza kwa meza. Jua bado liko juu.

Mgambo waliingia msibani kabla jeneza halijatoka. Virungu. Bazilio aling'ang'ania jeneza la mamaye, wakamponda mkono mpaka mfupa ukatokeza. Jeneza likaanguka. Wanaume wakaswagwa hadi mtaroni, mimi nimesimama pale juu ya kifusi. Nikaona damu. Nikaona Bazilio analetwa, mkono unaning'inia. Na nikasema — chimbeni! Mungu wangu, nilisema hivyo.

Wakainua majembe. Wakayashusha udongoni mara moja, mbili. Kisha yakageuka.

Mgambo Abbasi yuko mtaroni kifudifudi. Wanamfukia. Sijui kama alikuwa amekwisha kufa. Sikubaki kutazama. Nilimkokota Tharsisi kwa kola hadi humu, shavu limepasuliwa hadi kwenye meno. Sakafu inateleza. Polisi wanasema gari liko njiani. Njia gani? Kutoka Kasulu hadi huku!

Mawe juu ya bati. Kioo cha dirisha kimekwisha.

Bazilio anaita jina la Tharsisi. Analiita taratibu tu, hapigi kelele. Afadhali angepiga.

Sasa Theonest yuko dirishani. Ana jasho, anaogopa, mtu mwema yule. Anasema amewatuliza kidogo. Wanachotaka ni kujua jambo moja. Tharsisi alitumwa, au alijituma? "Mama, wewe mgeni, hukujua mila. Sema tu hukumtuma. Watakuacha upite."

Hata mawe yamekoma. Wote wanasikiliza.

Tharsisi amesikia pia. Yuko chini ya dawati, ameshika pindo la sketi yangu. Hawezi kusema, mdomo umejaa damu. Anatikisa kichwa tu.

Nina watoto Tarime. Nina watoto!

Nimejibu. Nimesema kwa sauti, wote wasikie — sikumtuma.

Vidole vyake vimeiachia sketi. Theonest anasema, basi fungua mlango, mama. Meza nzito hii, siwezi kuisogeza peke yangu, na Tharsisi ameinuka, anashika upande wa pili, ananisaidia