Gari Lisilohitaji Mguu Wangu wa Kushoto

Rumonge, Jumapili, mwaka wa pili wa uhuru

Nimeshinda, lakini sijui kama ni mimi niliyeshinda.

Tangu lori liniumize, mguu wangu wa kushoto hauwezi kukanyaga ambreyaji, ile pedali ya kubadilishia gia, na bila ambreyaji hakuna dereva. Lakini gari ambalo bosi Hamisi amenunua kwa muzungu aliyerudi kwao linabadilisha vitesi lenyewe. Leo alinipa ufunguo.

"Shindana na Saidi mpaka darajani Kizuka. Atakayetangulia ndiye dereva wangu."

Saidi ni kaka wa mke wangu. Alikuwa na pikapu ya bosi ya kubebea mawese, anayoiendesha kila siku.

Tulipoanza, ule mguu mbovu ulitafuta ambreyaji kwa mazoea, ukagonga fere, pedali ya kusimamishia. Gari likasita, Saidi akaniacha kwenye vumbi. Nikakanyaga mafuta kwa mguu wa kulia, basi. Gari likanguruma, likatulia kidogo, likaruka mbele lenyewe. Karibu na daraja nikampita.

Saidi alishuka. "Shemeji, ile gari ndiyo imeshinda. Wewe ulikuwa umekaa tu."

Bosi alicheka, akaniambia nianze kazi kesho. Saidi ana watoto watano.

Mke wangu hakunipongeza wala hakunilaumu. Alisema tu, "Kesho uende kazini, baba Zuena. Ila upite kwanza kwa kaka yangu."

Nitapita. Lakini nimwambie nini? Nimuombe radhi kwa kushinda, au kwa kuwa, Mungu anisamehe, nina furaha?