Kaburi la Mama Liko Kimwani

Muleba,
Jumapili jioni.

Mpendwa Kaka Projestus,

Pokea salamu zangu nyingi, wewe, wifi Hellen na watoto. Poleni na baridi ya huko ughaibuni. Mimi ni mzima wa mwili, ila moyo haujatulia tangu tumzike Mama.

Najua Baba Mdogo Byarugaba amekupigia simu. Amekuambia nimeuaibisha ukoo kwa kumzika Mama kwao Kimwani, badala ya kibanjani kwetu Kashozi, kwenye migomba ya nyumbani, kando ya Baba, pale ulipoagiza paachwe nafasi yake. Sasa anataka mwili ufukuliwe, na anasubiri neno lako wewe mrithi.

Simlaumu sana. Hata yeye anamkumbuka Baba kama Katekista Ildefons wa kanisani. Maharusi wote wa kigango walifundishwa ndoa na Baba, na mgonjwa akizidiwa, pikipiki ya kwanza kufika ilikuwa yake. Siku ya mazishi yake watu walilia mpaka nikaona aibu kwa macho yangu makavu. Na wewe, kaka, ulikwenda seminari ungali mdogo. Ulimjua Baba wa likizo, na wakati wa likizo alikuwa malaika, sikatai.

Ukishaondoka, chumvi ikizidi kidogo kwenye matoke, Mama alifungiwa nje usiku kucha. Mvua ya kwetu unaijua. Alijikunyata migombani, kajifunika majani makavu, nami nilikatazwa kugusa mlango. Asubuhi Baba alitoka na rozari mkononi, akamwita “mke wangu mpenzi” kwa sauti, majirani wasikie. Nilimchukia, kaka. Pale ulipoacha nafasi ya kaburi ndipo Mama alipokuwa akilala. Hukujua. Alinikataza kukuambia, akisema angalau mtoto mmoja awe na baba.

Siku zake za mwisho, hapa kwangu, alinishika mkono akaniomba nisimrudishe kule. Hakuomba kingine. Hata padri nilimwita mimi.

Tafadhali mwambie Baba Mdogo hapana. Wakimrudisha migombani, safari hii mlango utakuwa umeufunga wewe.

Wifi msalimie sana, na watoto uwakumbatie kwa niaba yangu. Nasubiri simu yako, hata kama ni ya kunigombeza.

Mdogo wako akupendaye,
Annastella